Barua kwa Mhariri: Mtoto wa Admirali hakukosa adabu

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwenye ukurasa huu Jumamosi iliyopita kwamba tamthilia za anga za juu zinawaharibu vijana wetu. Alitoa mfano mmoja tu, Battlestar Galactica, na ndani yake akamshika kijana mmoja tu, Lee Adama. Akasema kijana huyo anamwekea bastola kichwani msaidizi wa baba yake, anamtorosha mfungwa wa baba yake, kisha anasimama mahakamani upande wa mtu ambaye meli nzima inataka afe, huku baba mtu amekaa kwenye kiti cha ujaji. Akamaliza kwa kusema mtoto wa namna hiyo kwetu angenyimwa radhi.

Yote hayo yamo, wala sibishi hata moja. Ila nadhani ndugu yangu huyo alitazama huku anakula, akawa anainua macho pale tu makelele yanapozidi.

Mimi ni fundi mstaafu wa injini za meli, mkazi wa Kigoma. Nilikaa chumba cha injini miaka 28, na sikio langu la kushoto liliachwa hukohuko. Si mtu wa tamthilia. Lakini mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana, sisi wenye mitumbwi tulikaa vibarazani kama kuku wanaoatamia. Taa zimefungiwa stoo, injini ya boti imefunikwa turubai, bao nimecheza mpaka vidole vimechoka. Ndipo binti yangu akaja na flashi. "Baba, kaka kasema utazame hii. Kuna meli."

Hakuongeza neno. Anajua kwamba mimi na kaka yake hatukuwa tunasemezana tangu 2021. Nitafika huko.

Kuna meli kweli, na kwa mtu wa kazi yangu meli yenyewe inatosha. Hadithi inaanza siku manowari Galactica inastaafishwa. Imechakaa, imeamuliwa igeuzwe makumbusho, na upande mmoja wameshaweka duka la kuuzia wageni vikumbusho. Simu zake zina nyaya za kujiviringa kama zile za ofisi za zamani. Kompyuta zimo, lakini hakuna hata moja iliyounganishwa na nyingine, kwa sababu kamanda wake, William Adama, amekataa katakata. Vijana wanamwona mshamba. Siku hiyohiyo Cylon, mashine zilizotengenezwa na binadamu wenyewe zikaasi, na nyingine sasa zina sura ya mtu kabisa, wanarudi baada ya kimya cha miaka 40 na kuyalipua makoloni yote 12. Manowari mpya zilizounganishwa kwa mtandao zinazimika zenyewe kabla ya kufyatua hata risasi moja, kwa sababu adui ameshaingia ndani ya programu zake. Kuukuu la Adama ndilo linalobaki, na watu kama 50,000 hivi ndani ya msafara wa meli za abiria na mizigo. Nilicheka peke yangu. Sisi wa Kigoma hatuhitaji kuelezwa habari za meli isiyokubali kufa. Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, Wajerumani walewale wakaizamisha 1916, ikaibuliwa 1924, na 1927 ilikuwa imerudi kazini.

Mabaharia wa Galactica wanamwita Adama "Mzee". Hawamwambii hivyo usoni, wanasema wakiwa wenyewe: Mzee kasema, Mzee kakasirika. Hata mimi niliitwa hivyo chumba cha injini nikiwa na miaka 40 tu, na nililipenda jina hilo kuliko mshahara.

Sasa mtoto. Lee ni rubani, kapteni, amekuja kwenye sherehe ya kuistaafisha meli kwa sababu ameamriwa. Hajazungumza na baba yake kwa miaka miwili. Mdogo wake, Zak, alikufa akijifunza urubani, na Lee anamwambia baba yake waziwazi kwamba yeye ndiye aliyemuua. Zak hakuwa na kipaji cha kuruka. Alikwenda kwa sababu nyumbani kwao mwanaume hakuhesabiwa mwanaume mpaka avae mabawa ya urubani, na maneno hayo yalikuwa ya baba. Mzee hajibu kitu cha maana. Anakunja uso tu. Tunakuja kujua baadaye kwamba Kara Thrace, mwalimu wa Zak na mchumba wake, alimpitisha mtihani aliostahili kufeli, kwa sababu ya mapenzi. Kwa hiyo lawama imegawanyika. Ila angalia kwamba baba, anapoambiwa siri ile na Kara, anaumia sana na anamfukuza mbele ya macho yake, lakini haendi kwa Lee kusema "unaona, sikuwa mimi". Hilo nililiona siku ya pili nilipolirudia. Anajua na yeye fungu lake lipo.

Niseme kidogo kuhusu ile ya zamani, maana msomaji wako ameisifia bila kuitaja jina alipoandika kuhusu "tamthilia za enzi zetu zenye heshima". Ile ya kwanza ilionyeshwa Marekani 1978. Lorne Greene ndiye Adama, Richard Hatch ndiye mwanawe Apollo. Humo baba na mwana hawana neno. Binti yangu alinitafutia sehemu mbili tatu, nikasinzia. Hii mpya, ambayo Ronald D. Moore aliianza kwa sehemu ndefu mbili mwezi Desemba 2003 na ikaisha Machi 2009, imechukua majina yaleyale ikatia chumvi kwenye kidonda. Na kuna utani mmoja mzuri humo: Richard Hatch, yule Apollo mtiifu wa 1978, amerudi akiwa mzee anayeigiza mfungwa wa kisiasa, Tom Zarek, na ndiye anayekaa ana kwa ana na Apollo mpya, ndilo jina la urubani la Lee, kumfundisha ukaidi.

Turudi kwenye bastola, maana ndiyo iliyomkera msomaji wako.

Rais wa wale waliosalia ni Laura Roslin. Alikuwa waziri wa elimu, wa 43 katika mpangilio wa kurithi urais, na wote 42 waliokuwa mbele yake wamekufa. Mwalimu, basi. Adama na Roslin wanakosana, na Adama, ambaye ana askari na mizinga, anatuma watu wakamkamate Rais. Kwa lugha yoyote hayo ni mapinduzi. Lee amo kwenye kikosi hicho pamoja na Kanali Tigh, msaidizi wa baba yake na rafiki yake wa miaka mingi. Wanafika, walinzi wa Rais wamesimama, damu inakaribia kumwagika, na hapo ndipo Lee anamwekea Tigh bastola kichwani na kusema hawezi kushiriki.

Kinachofuata msomaji wako hakukiandika. Rais anajisalimisha mwenyewe ili watu wasiuane. Na Lee naye anaweka silaha chini, ananyoosha mikono afungwe. Hakukimbia, wala hakujaribu kutwaa meli. Analetwa mbele ya baba yake akiwa na pingu. Baba hamtazami hata mara mbili, anaagiza apelekwe rumande. Dakika ileile anaingia rubani mmoja wa kike aliyetoka kwenye kazi ya hatari. Mzee anampongeza, na yule binti, ambaye hata yeye mwenyewe hakuwa anajua kwa hakika kwamba ni Cylon, anampiga Mzee risasi mbili. Na wa kumkimbilia ni nani? Yule mwenye pingu. Anamlilia baba yake huku chuma kimefunga mikono iliyotaka kumshika.

Nilisimamisha hapo nikatoka nje kuvuta hewa. Mke wangu akaniuliza kama ni malaria.

Baada ya hapo kijana anamtorosha Rais rumande, kweli, wakati baba yupo kitandani hajitambui na Tigh anaiendesha meli kwa chupa. Wanajificha. Rais anahitaji watu wamfuate, na mtu ambaye maneno yake yangekuwa na uzito kuliko ya wote ni mtoto wa Adama akimkana Adama. Wanamwekea kipaza sauti. Anaanza: jina lake, cheo chake, baba yake ni nani. Anafika mahali pa kumshutumu, anasimama. Anasema hawezi. Anakataa kabisa kurekodi. Yuko tayari kuvunja amri ya baba yake na kulala rumande kwa ajili hiyo, lakini hayuko tayari kumtukana baba yake redioni. Ndugu msomaji, hiyo siyo adabu? Ni watoto wangapi watiifu tunaowajua wanaoitikia "ndiyo baba" sebuleni kisha wakamchambua baba kijiweni?

Msomaji wako anachanganya utii na uaminifu, nami namwelewa kwa sababu niliwahi kuvichanganya hivyohivyo, tena mbele za watu.

Mwaka 2021 nilikuwa na kokoro. Wavuvi wanajua ninachosema. Ni wavu wa kuburuta kutoka majini hadi ufukweni, unazoa kila kitu pamoja na vifaranga wa samaki, na ni marufuku. Nililinunua kwa mtu, kwa siri, kwa kiinua mgongo changu cha mwisho, nikalitumia usiku, na nikajiambia kwamba kila mtu analo. Kijana wangu alikuwa katibu wa BMU, kamati ya wavuvi ya kusimamia ufukwe, ya mwalo wetu. Alikuja mara mbili akaniambia, "Baba, hilo liondoe." Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyemlipia ada kwa samaki wa ziwa hilihili. Mara ya tatu hakuja kuniambia. Afisa uvuvi alipofika na orodha, jina langu lilikuwa la nne.

Waliliteketeza ufukweni saa nne asubuhi, kinamama wa dagaa wakitazama. Nililipa faini. Na jioni ile nilimwambia asikanyage kwangu. Neno "radhi" lilifika kwenye meno, mama yake akanishika mkono, nikalimeza. Silisahau lilivyokuwa na uzito mdomoni, ndiyo maana nilipoliona limeandikwa kirahisi gazetini nikachukua kalamu.

Sasa kuna jambo nililolijua siku ileile, na sikumwambia mtu. Afisa alinionyesha lile daftari. Tarehe, saa, namba ya boti, urefu wa wavu mita 120, macho ya wavu, jina la mmiliki. Mwandiko umenyooka, kila kitu kwenye safu yake, na mwisho wa mstari sahihi. Lile lilikuwa daftari la injini. Mimi ndiye niliyemfundisha kuliandika. Akiwa na miaka 10 nilikuwa nampeleka melini likizo, namkalisha kwenye ngazi ya chumba cha injini, namwambia: soma geji, andika unachokiona. Shinikizo la mafuta likishuka kwa uzembe wangu, andika limeshuka. Usiniulize niandike nini, andika. Fundi anayedanganya daftari anamzamisha atakayeingia zamu baada yake.

Akaandika.

Ndiyo maana kesi ya Gaius Baltar, mwishoni mwa msimu wa tatu, niliitazama nikiwa nimekaa wima. Baltar ni mwanasayansi mwenye kiburi ambaye baadaye akawa rais, na Cylon walipoivamia sayari waliyokuwa wamehamia, akasalimu amri. Chini ya utawala wao alitia sahihi orodha ya watu wa kuuawa, huku bastola ikiwa kichwani pake. Watu wanamchukia, na wana haki ya kumchukia. Mahakama ni ya manahodha watano waliopatikana kwa bahati nasibu, na Adama ni mmoja wao. Wakili wa Baltar ni bwana mmoja wa miwani myeusi, Romo Lampkin, ambaye alisomeshwa kazi na babu yake Lee, Joseph Adama, wakili wa utetezi enzi zake. Na nani aliyempa Lee vile vitabu vya sheria vya babu? Ni baba mwenyewe, William, kwa mikono yake. Mzee alimpa mtoto sanduku la vitabu, kisha akashangaa mtoto kuvisoma.

Wanagombana. Mzee, ambaye sasa ni Admirali, anamshuku mwanawe kwamba amevujisha mambo kwa upande wa utetezi. Lee anasema hawezi kutumikia chini ya mtu anayetilia shaka uadilifu wake. Baba anajibu kwamba naye hataki chini yake ofisa asiyekuwa nao. Jibu kali, la haraka, la mtu anayependa kusema la mwisho. Nalijua jibu hilo. Kijana anavua mabawa yake ya urubani, yaleyale yaliyomuua Zak, anayaweka mezani na kuondoka akiwa raia.

Halafu Lampkin anamwita Lee kizimbani kama shahidi. Kwa kawaida mahali hapa tamthilia ingempa shujaa hotuba ya haki na usawa. Lee anafanya kitu kingine: anasoma hesabu. Nani alifanya nini akasamehewa. Anajitaja na yeye mwenyewe: nilidungua meli ya abiria, Olympic Carrier, yenye watu zaidi ya elfu moja, nikasamehewa. Nilimwelekezea mkubwa wangu silaha, nikasamehewa. Anamtaja na baba yake aliyekaa palepale juu: Admirali alimpindua Rais kwa jeshi, akasamehewa. Anasema kwamba wao si taifa tena, ni genge linalokimbia, na kwamba wanataka kumtupa Baltar nje ya meli kwa sababu wanaona aibu kwa waliyoyafanya wao. Hamtetei Baltar kuwa ni mtu mwema, hata kidogo. Wakati wote anaongea kwa sauti ya chini, kama anayesoma daftari la zamu.

Kura zikapigwa, tatu kwa mbili, Baltar akaachiwa. Na moja ya zile tatu ilikuwa ya Mzee. Edward James Olmos, anayeigiza Adama, hapa hafanyi kitu chochote. Uso wake ni uleule wa mawe kama ufukwe wetu wa kaskazini. Lakini alikuwa amemsikiliza. Alimwacha mtoto aondoke jeshini, akamwita asiye na uadilifu, kisha akakaa kitini na kupiga kura kwa kufuata maneno ya mtoto huyohuyo, akijua kwamba Roslin, mwanamke ambaye sasa anampenda, hatamwelewa.

Mimi nilipokuwa na nafasi kama hiyo, pale ufukweni mbele ya afisa, nilisema kwamba yule kijana si wangu.

Sitaki ionekane kwamba naisifia tamthilia nzima. Msimu wa nne una mambo mengi ya miujiza ambayo binti yangu alinieleza mara tatu nikaitikia ili alale. Na Mzee Adama ana upendeleo unaokera. Kanali Tigh akilewa, anasamehewa. Kara akikosea, anaitwa binti yangu. Lee akisema jambo la kweli, anapewa mgongo. Kuna siku Kara alipotea kwenye mwezi mmoja, baba na mwana wakahatarisha msafara mzima kumtafuta, na baadaye Lee akauliza, je, ningekuwa mimi? Baba akajibu: ungekuwa wewe, tusingeondoka kabisa. Neno zuri, machozi yalinitoka. Lakini kijana mtu mzima imembidi aulize. Angekuwa ameambiwa tangu akiwa na miaka saba asingeuliza.

Na kama msomaji wako anatafuta mtoto muasi humo ndani, yupo, ila si Lee. Ni yule Cylon mzee anayeitwa Cavil. Aliumbwa na Cylon watano waitwao Watano wa Mwisho, na mmoja wao, Ellen, alimpa sura ya baba yake mzazi na jina lake, John. Naye akawageuka wote watano, akafuta kumbukumbu zao na kuwatupa kati ya binadamu wateseke, ili wakome. Kosa lao? Walimfanya afanane na mtu. Huyo ndiye wa kunyimwa radhi. Hata yeye Ellen anampa nafasi ya kusikilizwa.

Lee anapovunja amri, tazama anaivunja kuelekea wapi. Ilipofika wakati wa kuwakomboa watu kutoka kwenye ile sayari, baba alimwamuru achukue manowari nyingine, Pegasus, abaki nayo kuulinda msafara wa raia, na yeye Mzee akaenda na Galactica peke yake, kifo kikiwa kimeshaandikwa. Amri ilikuwa ya busara. Meli nne za Cylon zikaizunguka Galactica, injini hazina nguvu, Mzee anawaaga watu wake. Ndipo Pegasus ikatokea na mizinga inawaka. Kijana amekuja. Aliitoa sadaka Pegasus yenyewe, manowari mpya na kubwa kuliko ile ya baba yake, akawatoa watu wake, akaiacha ikajigonge kwenye meli ya adui. Kwa kipimo cha msomaji wako, huo nao ni utovu wa adabu. Kaambiwa abaki, hakubaki.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi wa nchi hii, na nashangaa hakuna aliyeliandika gazetini. Baada ya kutangatanga kote, wanaifikia dunia yetu hii, miaka 150,000 iliyopita, na wanatua Afrika. Kwenye dakika za mwisho kabisa inasomwa habari ya jarida kuhusu mifupa ya mwanamke ambaye ni mama wa wanadamu wote walio hai, na inatajwa kwamba aliishi mahali panapoitwa leo Tanzania. Binti yangu alipiga kelele jirani wakaja. Huyo ni mama wa kwenye tamthilia, bila shaka, si wa wataalamu, na tamthilia yenyewe waliipigia Kanada. Majani yale nimeyatazama vizuri, si ya kwetu.

Lakini mahali ambapo Mzee Adama anaagana na mwanawe ni hapo, kwenye nyika hiyo wanayosema ni yetu. Roslin anakufa kwa saratani. Mzee anambeba, anampandisha kwenye chombo kidogo, anataka amwonyeshe nchi kabla hajafumba macho. Anamkumbatia Lee, anaondoka. Lee na Kara wanatazama kile chombo kinavyopotea, na wote wawili wanajua kwamba harudi. Baba anakwenda kujenga kibanda kando ya kaburi la mwanamke wake, na mtoto, ambaye ndiye pekee aliyebaki wa damu yake, anaachwa nyikani. Hapo sikumsamehe. Nilimwambia binti yangu, huyu mzee angekaa hata wiki moja. Akanitazama tu.

Ziwa lilifunguliwa tarehe 15 Agosti. Nilirudi majini na taa na wavu halali, migebuka ilikuwepo. Siku chache baadaye simu ikaita, namba niliyokuwa nimeifuta lakini naijua kwa kichwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Kimya. Nasikia pikipiki zinapita kwake.

"Umefika kwenye kesi?"

Nikamwambia bado. Nilikuwa nimeitazama mara mbili. Akasema sawa, nikifika nimwambie, nami nikasema sawa, simu ikakatika.

Gazeti hili huwa analisoma, Mhariri, kwa hiyo nakuomba barua hii usiifupishe upande wa mwisho. Na yule msomaji mwenzangu akipita Kigoma, flashi bado ninayo.

Fundi mstaafu,
Kigoma